Nani alikuwa baba yake? Kuthibitisha wazazi wenye utata katika koo za Waakadia

Miti ya ukoo ya Waakadia imejaa kwenye intaneti. Unaanza na bibi aliyezaliwa Louisiana au New Brunswick, unapanda vizazi kumi kwa dakika chache, na huko juu, karibu na mwaka 1640, unakutana na mwanamke aliyeandikiwa kuwa ni binti wa chifu wa Mi'kmaq, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Unaangalia mti wa pili, wa tano, wa ishirini. Yote inasema hivyo hivyo. Kisha jamaa mmoja anapima vinasaba, majibu yanarudi kwamba asili ya mwanamke huyo ni Ulaya, na ukoo unagawanyika. Hawa wanasema maabara imekosea, wale wanasema wazee walidanganya.

Mara nyingi maabara haijakosea na wazee hawakudanganya. Miti ishirini iliyonakiliwa kutoka mti mmoja ni shahidi mmoja aliyesikika mara ishirini. Kipimo nacho hujibu swali lake tu, hata kama muulizaji alikuwa na swali jingine kichwani. Kumthibitisha mzazi wa karne ya 17 ni kazi ya kuwakusanya mashahidi dhaifu ambao hawakuwahi kuonana, kisha kutazama wanakubaliana wapi.

Tuelewane kwanza maneno

Waakadia ni wazao wa walowezi wa Kifaransa waliokaa Akadia, nchi ambayo leo iko ndani ya majimbo ya Nova Scotia, New Brunswick na Prince Edward Island, Kanada. Kituo chao cha Port-Royal kilianzishwa mwaka 1605. Mwaka 1713 Ufaransa iliikabidhi Akadia bara kwa Uingereza, na kuanzia 1755 hadi 1763 Waingereza waliwang'oa watu hawa makwao na kuwatawanya: Massachusetts, Maryland, Georgia, Uingereza, Ufaransa. Wengi waliishia Louisiana, ambako jina lao lilifupika likawa Cajun.

Mzazi huwa na utata kwa namna tatu, na kila namna ina dawa yake. Kuna ambaye hakuandikwa popote. Kuna ambaye karatasi mbili zinamtaja kwa majina mawili. Na kuna ambaye karatasi zote zinamkubali, ila vinasaba vinamkataa. Huyu wa tatu ndiye anayeumiza watu zaidi, kwa sababu hapo inabidi kumtenga baba wa damu na baba aliyelea, na karatasi za zamani zilikuwa zinamwandika aliyelea bila kusema lolote.

Jambo hili si la kujifurahisha tu. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya Powley, ilisema anayedai haki za Métis, watu waliotokana na mchanganyiko wa wenyeji wa asili na Wazungu, lazima ajitambulishe hivyo, awe na uhusiano wa kiukoo na jamii ya kihistoria ya Métis, na akubaliwe na jamii hiyo. Tangu hapo mwanamke mmoja wa mwaka 1640 amekuwa na uzito ambao hakuwa nao, na kuna watu wanaojenga madai mazima juu yake. Wenye nchi, watu wa Mi'kmaq, wana haki ya kudai ushahidi uliosimama.

Karatasi zilizobaki na mianya yake

Sensa ya kwanza yenye majina ya familia ni ya 1671, iliyofanywa na padre Laurent Molin huko Port-Royal, ikiwa na watu karibu 400. Ni hazina kwa sababu moja kubwa: kumbukumbu za Kifaransa humwandika mwanamke kwa jina la ukoo wa baba yake hata akiolewa. Kwa hiyo tunasoma wazi kwamba Jean Blanchard, mkulima wa miaka 60, mkewe ni Radegonde Lambert, miaka 42. Zilifuata sensa nyingine, zikiwemo za 1678, 1686, 1693, 1698, 1700, 1707 na 1714.

Lakini sensa haisemi baba wa mtu mzima ni nani. Inakupa mke, watoto walio nyumbani, umri, ng'ombe, kondoo na ukubwa wa shamba. Halafu si wote walikubali kuhesabiwa. Fundi mapipa Pierre Lanoue alimpelekea padre ujumbe kwamba afya yake ni njema na hataki kutaja umri wake. Mshonaji Pierre Melanson alikataa kutaja umri, mifugo na ardhi, na mkewe akamuuliza padre kama ana wazimu hata azunguke mitaani kuulizia mambo ya namna hiyo. Umri wenyewe ni wa kukisia: ukiona 30, 40, 50, jua mtu kaukadiria, na acha nafasi ya miaka mitano kila upande.

Madaftari ya parokia ndiyo yanayotaja wazazi. Ya Port-Royal yamebaki kuanzia 1702 hadi 1755. Yako Halifax kwenye Nyaraka za Nova Scotia na picha zake zinaonekana mtandaoni bila malipo. Ya Grand-Pré, 1707 hadi 1748, yana safari yake: waliofukuzwa waliyabeba hadi Maryland, wakayafikisha Louisiana, na leo yanatunzwa na Dayosisi ya Baton Rouge. Ya Beaubassin yamebaki vipande. Ya Pisiguit na Cobequid yamepotea karibu yote. Ndiyo maana utata mwingi wa Kiakadia unakaa katika maeneo mawili: kabla ya 1702, na katika parokia hizo mbili. Mti unaompa mtu wa Cobequid tarehe kamili ya ubatizo ya mwaka 1725 unahitaji kuulizwa tarehe hiyo imesomwa wapi.

Baada ya kufukuzwa kuna orodha za ajabu. Luteni kanali John Winslow, aliyewafungia wanaume na wavulana 418 kanisani Grand-Pré tarehe 5 Septemba 1755, aliandika majina yao. Mwaka 1763 Waakadia walioko kwenye makoloni ya Kiingereza waliorodheshwa familia kwa familia. Na mwaka 1767, kwenye kisiwa cha Belle-Île-en-Mer nchini Ufaransa, familia 78 zilizopewa makazi pale zilitamka nasaba zao kwa kiapo, kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa karatasi zao zilibaki ng'ambo ya bahari.

Matamko ya Belle-Île yanasomwa kwa jicho la aina mbili. Mtu akimtaja baba, mama, babu na bibi, mwamini sana. Aliwajua kwa uso. Akifika kwa mzee wa kwanza aliyekuja kutoka Ufaransa, miaka zaidi ya 120 nyuma, anasimulia alichosikia. Radegonde Lambert, kwa mfano, anatajwa pale kwa jina tofauti na la sensa ya 1671. Sensa iliandikwa yeye akiwa hai, nyumbani kwake. Kwa jina, sensa inashinda.

Kuna mitego ya lugha pia. Neno la Kifaransa *beau-père* linaweza kuwa baba mkwe au baba wa kambo. *Beau-frère* linaweza kuwa shemeji au ndugu wa kambo. Kiswahili kinatenganisha mambo haya, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hutafsiri haraka na kuchagua upande mmoja bila kujua kwamba amechagua. *Feu* mbele ya jina ni marehemu, na neno hilo dogo hukusaidia kujua mtu alikufa kabla ya tarehe fulani hata kama hakuna kumbukumbu ya mazishi. *Ondoyé* ni mtoto aliyebatizwa kwa dharura nyumbani kwa sababu padre alikuwa mbali. Sherehe ya kanisani ilifuata baadaye, pengine baada ya miezi mingi. Anayeinakili tarehe ya sherehe kama tarehe ya kuzaliwa hukuta watoto wawili wa mama mmoja wamepishana miezi minne, kisha anadhani kuna mama wawili.

Hesabu ya padre

Chombo kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote katika utafiti huu ni ruhusa ya ndoa. Watu wachache walioana wao kwa wao kwa miaka mia, na Kanisa Katoliki lilikataza ndugu wa karibu kuoana. Waliotaka kuoana waliomba kuondolewa kizuizi, na padre akaandika daftarini daraja la udugu wao. Nukta hiyo moja ya wino inaweza kumfichua bibi ambaye jina lake halipo popote.

Hesabu yenyewe ni rahisi kwa anayejua Kiswahili. Unaanza kwa mzee wa pamoja na kushuka. Watoto wake wako daraja la 1, wajukuu la 2, vitukuu la 3, vilembwe la 4. Bwana harusi na bibi harusi wakiwa wote vitukuu vya wazee wale wale, padre anaandika "la tatu kwa la tatu". Mmoja akiwa kitukuu na mwenzake kilembwe, ni "la tatu kwa la nne". Tangu Mtaguso wa Laterano wa 1215 hadi sheria ya Kanisa ya 1917, kizuizi kilifika hadi daraja la 4.

Sasa iangalie ikifanya kazi. Chukua bwana harusi na bibi harusi walioruhusiwa katika daraja la tatu kwa la tatu. Kila mmoja ana jozi nne za wazazi wa babu na bibi zake. Za bibi harusi zote nne zinajulikana. Za bwana harusi zinajulikana tatu. Ya nne, wazazi wa bibi mzaa mama, haipo. Linganisha zile tatu na zile nne. Kama hakuna inayofanana, udugu umepita kwenye jozi isiyojulikana, na jozi hiyo ni mojawapo ya zile nne za bibi harusi. Umetoka kijiji kizima hadi majina manne.

Kisha tafuta ndoa za ndugu zake bwana harusi na za binamu zake wanaotokana na bibi yule yule. Dada yake akiolewa na kilembwe cha jozi ya pili kwa ruhusa ya la tatu kwa la nne, jozi ya pili inapanda. Kaka yake akioa kitukuu cha jozi ya kwanza bila ruhusa, mbele ya padre ambaye kwa kawaida huandika, jozi ya kwanza inashuka. Mwisho rudi kwenye sensa: je, jozi iliyobaki ilikuwa na binti wa jina hilo, wa umri unaofaa, aliyetoweka kwenye orodha ya nyumbani karibu na mwaka ambao bibi yule angeolewa? Ndoa tatu zinazovuta upande mmoja pamoja na binti kwenye sensa ni ushahidi ambao mtafiti makini ataukubali.

Makosa hutokea hapa hasa. Daraja halisemi kama ni damu kamili au nusu: watoto wa ndugu waliochangia baba tu wanaandikwa daraja lile lile la 2. Kwa hiyo huenda bibi yako ni mtoto wa mke wa kwanza usiyemjua. Pili, kuna udugu wa damu na kuna ukwe, yaani uhusiano unaotokana na marehemu mume au mke, nao ulihesabiwa kwa madaraja hayo hayo; anayesoma namba akaruka neno la mbele atamtafuta mzee wa pamoja asiyekuwepo. Tatu, ukimya si ushahidi mzito. Wakati wa uhamisho Waakadia wengi walioana mbele ya mashahidi tu, na miaka baadaye mmisionari alipopita alizibariki ndoa hizo kwa wingi, siku moja familia kadhaa. Kwa haraka hiyo kitu kinaweza kusahaulika. Nne, mapadre nao hutegemea kilichosemwa na wazee wa familia, na la 3 kuandikwa la 4 si jambo geni. Ndiyo maana ruhusa moja ni dalili, na ruhusa tatu zisizotegemeana ndizo zinazozungumza.

Kipimo kinajibu nini

Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume peke yake. Vinasaba vya mitokondria hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wote, lakini kwa mtoto wa kiume safari inaishia hapo. Binti ndiye huendeleza. Hivi viwili hupita karne nne karibu bila kubadilika, na ndivyo vinavyofaa kwa mababu wa 1640. Vipimo huvipanga katika haplogrupu, yaani matawi makubwa ya nasaba ya binadamu.

Kipimo cha kawaida kinachokupa asilimia za asili ni kitu kingine. Chukua kikombe cha chai ya rangi, mwaga nusu, jaza maji, rudia mara kumi. Kilichobaki ni sehemu 1 kwa 1,024. Hicho ndicho unachotarajia kubaki nacho cha mtu aliye vizazi kumi juu, na kwa kweli unaweza usiwe nacho kabisa. Kwa hiyo "asilimia sifuri" haimfuti mwanamke wa Mi'kmaq wa 1640, na "asilimia moja" haimthibitishi mwanamke fulani kwa jina. Koo za Kiakadia zinaongeza tatizo jingine: kwa kuwa mzee mmoja anaweza kuwa babu yako kwa njia sita au kumi, watu wawili wa mbali wanashiriki vinasaba vingi kuliko kawaida, na programu inawakadiria kuwa ndugu wa karibu kuliko walivyo.

Sharti la kipimo chenye maana ni hili: tafuta wazao wawili au zaidi walioshuka kupitia watoto tofauti wa mtu unayemchunguza. Kwa mwanamke, mmoja kupitia binti huyu na mwingine kupitia binti yule, mstari wa kike mtupu mpaka chini. Kwa mwanamume, wana wawili tofauti, mstari wa kiume mtupu. Mpimwaji mmoja hatoshi, kwa sababu majibu yake yanaweza kuwa yanasimulia tukio la mwaka 1820 katika mstari wake mwenyewe. Wawili wakilingana, jibu limepanda hadi mahali mistari yao inapokutana. Wasipolingana, kosa liko katikati, na mtu wa tatu ndiye atakayeonyesha ni upande gani.

Radegonde Lambert ndiye funzo zuri la kusoma tawi mpaka mwisho. Alidaiwa kuwa Mi'kmaq. Vipimo vya kwanza vilitoa herufi X tu, na X imo katika orodha ya matawi yanayopatikana kwa wenyeji wa asili wa Amerika, pamoja na A, B, C na D. Watu walishangilia. Vipimo kamili vilipofanyika tawi likawa X2b4, la Ulaya. La wenyeji wa Amerika ni X2a. Herufi moja baada ya X2 ilikuwa tofauti ya bara zima. Catherine na Edmée Lejeune nao walidaiwa hivyo hivyo. Mistari yao ya kike imetoa U6a, tawi lisilo la wenyeji wa Amerika, na kwa kuwa mistari ya wote wawili inalingana, kipimo kile kile kimeunga mkono kwamba ni dada, jambo ambalo hesabu ya ruhusa za ndoa ilikuwa imelidokeza.

Wala usiondoke na hadithi ya kwamba wanawake wenyeji wote ni uzushi. Mstari wa Anne Marie, mke wa René Rimbault, umetoa A2f1a, la wenyeji wa Amerika. Philippe Mius d'Azy alioa kwa Mi'kmaq, na wazao wake wamo katika sensa ya wenyeji ya 1708. Jean-Vincent d'Abbadie de Saint-Castin alimwoa binti wa Madokawando, chifu wa Penobscot, wenyeji wengine wa asili. Ndoa hizi zina ushahidi wake, na zinastahili kutochanganywa na za kubuni.

Kesi ya Germain Doucet

Mwezi Agosti 1654 Germain Doucet, bwana wa Laverdure, aliikabidhi ngome ya Port-Royal kwa Mwingereza Robert Sedgwick. Sensa ya 1671 ina Pierre Doucet, mwashi, miaka 50, na Germain Doucet, mkulima, miaka 30, pamoja na mkewe Marie Landry na wana watatu, Charles, Bernard na Laurent. Jina moja, mahali pamoja, umri unaingia: kwa vizazi vingi Germain mdogo, kama Pierre, aliandikwa kuwa mtoto wa yule kamanda.

Kisha wazao wa kiume walipima kromosomu Y. Wa Pierre wametoa R1b, tawi la kawaida Ulaya magharibi. Wa Germain mdogo, kupitia wana tofauti, wametoa C-P39, tawi la wenyeji wa Amerika Kaskazini. Kwa kuwa mistari ni zaidi ya mmoja, tofauti haiko chini kwenye karne ya 19. Iko kwa Germain mwenyewe. Baba yake wa damu, au babu wa damu wa upande huo wa kiume, alikuwa mwenyeji.

Angalia kipimo hakikusema nini. Hakikumtaja baba kwa jina. Hakikusema kama Germain alilelewa na kamanda tangu utotoni, kama alichukua jina la msimamizi wake wa ubatizo, au kama mama yake alikuwa Doucet. Hata mkataba wa 1654 unaomtaja Jacques Bourgeois kuwa *beau-frère* wa kamanda unaturudisha kwenye mtego ule wa shemeji na ndugu wa kambo. Wanaoandika leo kwamba baba yake alikuwa chifu fulani wanajaza pengo kwa jina la kukopa, kosa lile lile la kale likiwa limevaa nguo mpya.

Kwa kazi yako mwenyewe, anza na karatasi za karibu na wakati wa tukio, na soma picha ya ukurasa, usitegemee muhtasari wa mtu. Orodhesha kila anayetajwa, wakiwemo wasimamizi na mashahidi, maana aghalabu ni wajomba na mashangazi. Kusanya ruhusa za ndoa za wajukuu na vitukuu wote, si za mstari wako pekee. Vinasaba vije mwisho, ukiwa na swali moja lililoandikwa na watu wawili wa kulijibu. Na pale kwenye sanduku la baba, kama jina halijasimama, acha wazi. Dhana yako iandike kwenye maelezo pamoja na madaraja, tarehe na ukurasa. Kwa Germain Doucet wa 1671, kinachoweza kuandikwa leo ni mke wake, watoto wake, jina alilolibeba, na kwamba baba yake wa damu hajulikani.